Kuinua na kufunga kempa kuukuu kwenye pikapu: anza na mbao, jeki baadaye

Ukikuta kempa kuukuu imelala ubavu uani mwa mtu, zitazame jeki zake, ile miguu minne ya kona ya kuiinulia. Mara nyingi utazikuta nzima kabisa. Kilichong'oka ni ubao wa kona uliokuwa umeshika jeki. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye mbao, ingawa najua wengi wanataka kuanza kuzungusha mkono wa jeki siku ile ile wanayoletewa kempa. Ngoja kwanza.

Ninayoizungumzia ni kempa ya kubebeshwa: chumba kizima chenye kitanda, jiko na sinki, kinachokaa ndani ya bodi ya pikapu huku sehemu ya kitanda ikitokeza juu ya paa la kebini. Baadhi ya zilizoko hapa Mombasa zililetwa na wasafiri wa masafa marefu, nyingine zimeundwa na mafundi wetu. Za miaka ya 1970 na 1980 kwa kawaida zina fremu ya mbao iliyovikwa bati jembamba la alumini. Nje bati linameta, na ndani mbao inaweza kuwa imeshageuka unga.

Hatua ya 1: Gonga kona zote nne

Chukua bisibisi. Kwa mpini wake, gonga taratibu kuanzia juu hadi chini pale jeki zinapofungwa. Mbao nzima hujibu kwa sauti kavu, na iliyooza hutoa sauti ya bubu. Ukiipata ya bubu, toa skrubu moja ya bamba la jeki. Ikitoka kwa vidole bila kukataa, au ikaja na unyevunyevu mweusi, usiinue kempa hiyo leo.

Pwani yetu ina adui wake. Alumini ikigusana na skrubu za chuma, kisha upepo wa chumvi ukazilowesha, alumini huliwa kuzunguka skrubu. Tundu linapanuka, mvua inaingia, na maji hushuka ndani kwa ndani mpaka kwenye kona za chini, hapo hapo uzito wote unapotegemea. Kempa iliyokaa Bamburi au Nyali karibu na bahari miaka miwili bila turubai inahitaji ukaguzi mkali kuliko iliyokaa Voi, mbali na bahari, miaka mingi.

Dawa yake haina njia ya mkato. Fungua bati la kona, kata mbao yote iliyooza mpaka ufike kwenye mbao ngumu, kisha unganisha kipande kipya. Mbambakofi au mvule ndiyo chaguo langu. Ukikosa, saipresi iliyotiwa dawa na kukaushwa vizuri itafaa. Upande wa ndani weka bamba la chuma la milimita 5 au 6, na badala ya skrubu pitisha bolti kutoka nje hadi ndani, M10 au M12 (unene wa milimita 10 au 12), zenye alama ya 8.8 kichwani, yaani chuma kigumu. Skrubu hushika mbao peke yake, lakini bolti yenye bamba nyuma yake inashika kona nzima. Kati ya chuma na alumini weka raba nyembamba au rangi nzito ili visigusane.

Kazi hii inaweza kukumalizia wikendi mbili. Ndiyo sehemu kubwa ya usalama wako, na usikubali fundi akwambie, "Bosi, tutabandika silikoni tu."

Hatua ya 2: Punguza uzito, jua uzito

Mwaga maji yote. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 80 ni kilo 80 unazozining'iniza hewani bila sababu. Funga gesi na utoe mtungi nje, uwe wa kilo 6 au 13. Toa vyombo, betri ya akiba, magodoro. Chomoa waya wa taa unaounganisha kempa na gari. Huu husahaulika sana na hukatika gari likitoka.

Kisha ulizie mizani ya magari, pima pikapu tupu, halafu pima ikiwa imebeba kempa. Hilux ya kebini moja imeundwa kubeba karibu tani moja, na ya kebini mbili hubeba pungufu. Ndani ya hesabu hiyo wamo pia abiria, maji na vyakula. Jambo la pili ni mahali uzito unapoangukia: kitovu cha uzito wa kempa kiwe mbele kidogo ya ekseli ya nyuma. Kikiwa nyuma yake, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi na usukani unaanza kuelea. Bodi za kebini mbili ni fupi, na kempa nyingi kuukuu ziliundwa kwa bodi ndefu. Kama hazilingani, tafuta pikapu nyingine, kwa sababu hakuna mkanda utakaorekebisha hilo.

Hatua ya 3: Ardhi

Tuseme kempa tupu ni kilo 700. Kwa hesabu rahisi kila jeki inabeba 175. Lakini kempa ikiyumba kidogo, jeki mbili za kona zinazokabiliana zinaweza kubeba karibu mzigo wote, yaani 350 kila moja. Unyayo wa jeki wa sentimita 10 kwa 10 utakandamiza kilo 3.5 juu ya kila sentimita ya mraba, na mchanga wetu wa pwani hauvumilii hivyo. Weka chini yake ubao mnene wa sentimita 40 kwa 40, na mkandamizo unashuka hadi karibu kilo 0.2.

Usidanganywe na kabro. Zinaonekana imara, lakini zimelala juu ya mchanga, na jeki ikisimama kwenye tofali moja, tofali hilo huzama peke yake. Weka mbao hata hapo. Sakafu ya zege iliyo sawa ndiyo bora.

Fanya kazi asubuhi. Msimu wa kusi, takriban Aprili hadi Septemba, upepo huongezeka kadiri jua linavyopanda, na ubavu wa kempa ni tanga kubwa. Ukiona minazi inainama, ahirisha.

Hatua ya 4: Kuinua

Handibreki juu, gia imewekwa, kabari mbele na nyuma ya magurudumu. Fungua vikazio vyote vinavyoshikilia kempa kwenye gari na uvihesabu kwa mkono. Ondoa mlango wa nyuma wa bodi. Watoto wapelekwe ndani ya nyumba, na mwenye kuamrisha awe mmoja tu. Wengine wote wanasikiliza sauti yake.

Weka pima maji mlangoni, juu ya sakafu ya kempa, kwa upana. Shusha jeki nne mpaka zishike mbao zake bila kubeba. Sasa wawili wazungushe jeki za mbele pamoja, mizunguko sawa, sentimita 5. Kisha za nyuma sentimita 5. Kisha mbele tena. Kila duru tazama pima maji. Usiinue kamwe upande mzima wa kushoto halafu wa kulia, kwa sababu miguu ya jeki haikuundwa kusukumwa kwa ubavu. Ukiwa na mtu mmoja tu, nenda kona kwa kona, lakini usizidishe sentimita 2 kabla ya kuhamia nyingine.

Mbele iwe juu kidogo kuliko nyuma wakati wote, sentimita 3 au 4 zinatosha. Kitanda kilichotokeza juu ya kebini kina uzito wake, na pua ikiinama mzigo wote unataka kwenda mbele.

Utashangaa kwamba umezungusha sana na kempa bado imekaa kwenye bodi. Ni springi za pikapu zinazopanda nayo kwa kuwa zinapunguziwa mzigo. Endelea kwa utaratibu ule ule. Baada ya kuachana, nafasi ya sentimita 5 hadi 8 chini ya sakafu yatosha. Kila sentimita ya ziada inaongeza kuyumba bure.

Kuanzia hapa hakuna mtu anayeingia chini ya kempa, wala ndani yake. Hata kwa kuchukua simu.

Hatua ya 5: Kutoa gari

Pima kwanza nafasi kati ya madigadi za nyuma na miguu ya jeki za mbele, maana humo ndimo zitakamopita. Ikiwa chini ya sentimita 5 kila upande, utahitaji watu wawili wa kuangalia na dereva mwenye moyo wa subira. Usukani uwe umenyooka kabla gari halijasogea. Toka kwa gia ya kwanza, bila kukanyaga mafuta. Jeki ikiguswa, simama hapo hapo na urudi kidogo. Usijaribu kuikwepa kwa kupinda usukani.

Gari likishatoka, shusha kempa chini kadiri inavyowezekana na uitegemeze kwa magogo ya mbao yaliyopangwa kwa kupishana, chini ya fremu ya sakafu. Nimeona watu wakitumia mawe ya matumbawe, matofali ya tundu na mapipa ya mafuta. Jiwe la matumbawe hupasuka ghafla, bila ishara. Mbao hulia kwanza, na kilio hicho kinakupa nafasi ya kukimbia.

Kurudisha ni kinyumenyume cha hayo yote, ila kabla gari halijaingia tandika raba nene kwenye sakafu ya bodi, na uweke ubao au raba kati ya kempa na ukuta wa mbele wa bodi ili breki za ghafla zisiisukume.

Hatua ya 6: Kufunga

Zile ndoano ndogo zilizo nje ya bodi ya pikapu ni za kamba na turubai. Ukifunga kempa kwazo, bati litachanika siku utakayokwepa bodaboda kwa ghafla. Vishikio vinne vya kempa viende kwenye chesisi: viwili mbele ya gurudumu la nyuma, viwili mwisho wa chesisi. Tumia matundu yaliyokuwepo na bolti za 8.8. Usitoboe kingo za juu na za chini za chesisi, na usiruhusu kuchomelea hapo. Moto wa welding unaweza kudhoofisha chuma. Bampa ya bati si kishikio.

Kikazio ni kile chuma chenye ndoano pande mbili: ukizungusha katikati, ndoano zinavutana. Vya mbele vivute chini na kuelekea mbele, vya nyuma vivute chini na kuelekea nyuma. Vikipingana hivyo, kempa haina pa kwenda. Kaza kwa kupishana, kama unavyokaza nati za gurudumu. Kaza mpaka raba ianze kubonyea, kisha sukuma kempa kwa bega: gari na kempa vikitikisika kwa pamoja, acha. Ukizidisha utang'oa kona ulizozitengeneza. Funga kila kikazio kwa nati ya pili au waya ili kisijifungue.

Mikanda ya nailoni iwe ya akiba tu. Jua la hapa huila.

Hatua ya 7: Barabarani

Andika urefu wa gari lote, kutoka chini hadi juu ya kempa, kwenye kikaratasi, ukibandike mbele ya dereva. Milango ya makuti, matawi ya miembe na vibanda vya petroli havitakuuliza. Pandisha upepo wa tairi kulingana na maelezo ya gari kwa mzigo kamili.

Simama ukaze tena mapema, kwa sababu raba na springi hukaa sawa baada ya matuta ya kwanza. Ukielekea Malindi, simama Mtwapa. Ukielekea bara, simama Mazeras. Kwenye feri ya Likoni panda maji yakiwa yamejaa kama unaweza. Yakipwa, mteremko huwa mkali na mkia wa kempa unaweza kukwangua.

Ukirudi na kuiweka kempa kwa miezi kadhaa, ilaze chini juu ya magogo kabla ya mvua za Aprili, tia grisi kwenye nyuzi za jeki zote, na uzizungushe kidogo kila mwezi. Wakati huo huo gonga tena zile kona nne.