"Kindly advice" au "Kindly advise"? Namna ya kukagua barua kabla hujaituma

Nimetoka kumsaidia binamu yangu kupitia barua zake za ofisini, na nyingi zilifungwa kwa "Kindly advice" badala ya "Kindly advise". Tunarekebisha hivi.

Hatua ya 1: Bonyeza Ctrl na F, andika "advi". Mstari mwekundu wa kompyuta usiutegemee, maana maneno yote mawili yamo kwenye kamusi.

Hatua ya 2: Soma kwa sauti. "Advice" huishia na s ya "basi". "Advise" huishia na z ya "kazi". Mtego uko kwenye tahajia: sauti ya s inaandikwa kwa c, halafu sauti ya z ndiyo inayoandikwa kwa s.

Hatua ya 3: Uliza, ni jina au kitenzi? "She gave me good advice": kanipa ushauri mzuri, ni jina, weka c. "I advise you to wait": nakushauri usubiri, ni kitenzi, weka s.

Ingekuwa imeishia hapo, tungelala mapema. Kiingereza cha ofisini kina mambo yake. "Please advise when the goods will arrive" haiombi ushauri wowote. Maana yake ni tujulishe mzigo utafika lini. Ukipima kwa "ushauri" peke yake utababaika. Mimi hapo huweka "tell us": "Please tell us when..." Ikikaa vizuri, ni kitenzi, andika s. Kinyume chake kipo pia. "Payment advice" ni karatasi ya kukujulisha kuwa malipo yamefanyika. Hakuna aliyemshauri mtu, lakini ni jina, kwa hiyo c inabaki. Ndiyo maana siipendi kabisa ile amri ya kubadilisha yote kwa mpigo: inatengeneza barua na kuharibu hati ya malipo. Pitia moja moja.

Hatua ya 4: Pale neno linapomaanisha ushauri, futa "an advice" na "advices". Sisi wenyewe husema "ushauri mwingi". Andika "some advice" au "a piece of advice".

Hatua ya 5: "Advised" na "advising" ni s daima.

"Practice" na "practise" zinafuata mkondo huohuo kwa tahajia ya Uingereza, ila masikio hayatakusaidia, zinatamkwa sawa. Barua ikienda Marekani, andika "practice" kotekote. "Advice" na "advise" ziache zilivyo.