Anza Kwaresima kabla ya majivu

Ndugu zangu, msisubiri Jumatano ya Majivu, siku inayofungua Kwaresima, ndipo muwaze mtafunga nini. Wiki hii toa lile tawi la mtende la Jumapili ya Matawi ya mwaka jana, lililokaukia nyuma ya msalaba ukutani, ulipeleke parokiani likachomwe. Majivu hutokana na matawi hayo. Unapolipangusa vumbi, jiulize ni nani hujamsamehe tangu ulipolishika. Mtafute huyo kwanza, kisha uende kitubio mapema, maana Wiki Takatifu foleni huwa ndefu.

Halafu weka kopo jikoni. Mfungo wa lazima ni Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu tu, kwa wenye miaka 18 hadi 59, lakini siku yoyote utakayoacha chai na chapati, hela yake iingie humo. Langu hulifungua Jumamosi Kuu, likaenda kwa mgonjwa wa jumuiya yetu.