Ukikimbia unachoka haraka? Angalia mguu unapotua

Wengi wanaolalamika kwamba pumzi haziwatoshi, ukiwatazama kwa ubavuni unaona mapafu hayana kosa. Nguvu inapotelea miguuni.

1. Jirekodi. Mwombe mtu ashike simu pembeni mwa njia, usawa wa kiuno chako, upite kwa mwendo wako wa kila siku, bila madoido. Kisha simamisha video pale mguu unapogusa ardhi.

2. Angalia umetua wapi. Mguu ukiwa mbele sana ya kiuno na goti limenyooka, umejifunga breki: ardhi inakusukuma nyuma, na misuli inalipia upya mwendo uliokwisha kuupata. Kutanguliza kisigino si dhambi, mradi mguu utue karibu na mwili. Msilazimishane kukimbia kwa vidole. Mashavu ya miguu yatawauma bure.

3. Hesabu hatua. Kwa sekunde 30 hesabu mguu wa kulia tu, kisha zidisha kwa 4. Ukipata 39, hizo ni hatua 156 kwa dakika. Ongeza asilimia 5, yaani 164 hivi, *kwa kasi ileile*. Hapo ndipo watu hukosea: wanaongeza hatua na kasi pamoja, halafu wanasema zoezi ni gumu. Achana na ile idadi ya hatua 180 kwa dakika inayoimbwa kila mahali. Hesabu hubadilika kwa kasi na urefu wa miguu. Fanya dakika moja moja katikati ya mazoezi, hadi mwili uzoee.

4. Legeza mabega, mikono ibembee. Inazuia kiwiliwili kisipindepinde. Watafiti waliwakimbiza watu wakiwa wameweka mikono kichwani, matumizi ya nishati yakapanda kwa asilimia 13 hivi.

5. Pima viatu. Kila gramu 100 za ziada kwenye kila kiatu hugharimu takriban asilimia 1 zaidi ya nishati.

6. Jua wakati wa kutembea. Chini ya kilomita 7 kwa saa hivi, kutembea ni nafuu kuliko kukimbia, kwa sababu mwili hupanda juu ya mguu ulionyooka kisha huanguka mbele wenyewe. Kwa hiyo kwenye mlima mkali, kasi ikishuka hadi hapo, tembea. Hata wakimbiaji wazuri wa milimani hufanya hivyo.