Wasambazaji wako wamekaa kongano moja? Pima hatari kabla ya oda inayofuata

Kongano la viwanda, yaani viwanda vingi vilivyokusanyika eneo moja, lina raha yake: vipuri viko jirani, mafundi wapo, usafiri nafuu. Ila likipigwa, hupigwa lote. Oktoba 2011 mafuriko yaliingia maeneo ya viwanda ya Ayutthaya, Thailand, na diski za kompyuta zikapanda bei dunia nzima. Mwenye wasambazaji watatu wa bonde lile alijikuta hana hata mmoja.

Hatua ya 1. Orodhesha vifaa vinavyoweza kusimamisha laini ya uzalishaji vikikosekana, hata kama ni vya bei ya chini. Februari 1997 kiwanda cha Aisin, msambazaji wa Toyota, mjini Kariya, Japani, kiliungua. Toyota ikasimama kwa kukosa valvu ya breki inayoenea kiganjani.

Hatua ya 2. Andika kila kifaa kinatengenezwa wapi hasa. Usinakili anwani ya ankara. Mara nyingi hiyo ni ofisi ya mauzo. Kisha muulize msambazaji malighafi anaitoa wapi. Hapa ndipo wengi huumbuka: wasambazaji wawili wa mikoa tofauti, chuma cha wote kinatoka tanuri moja.

Hatua ya 3. Tazama wanachotegemea kwa pamoja: mto, kituo cha kupozea umeme, daraja, bandari. Kilomita 40 hazikusaidii kama wote wako bonde moja.

Hatua ya 4. Piga hesabu. Stoo ina vipande 2,400, unatumia 300 kwa siku: siku 8. Msambazaji akiungua anahitaji, tuseme, siku 30 kurudi. Pengo ni siku 22. Vile vipande vya kona ya "tutavirekebisha" usivihesabu, wala mzigo ambao haujatoka kwenye kongano.

Hatua ya 5. Ziba pengo. Kifaa chenye kalibu maalumu, mpe msambazaji wa pili aliye nje ya kongano kama asilimia 20 ya oda, kila mwezi. Ambaye hajawahi kukutengenezea atamaliza wiki kadhaa kwenye sampuli tu.

Kifaa cha kuchonga kwa mashine za kawaida ni habari nyingine: bima yako ni kongano lenyewe. Kampuni zipatazo 60, hata Brother wa cherehani, zilichonga zile valvu za breki za Aisin, na Toyota ikarudi kazini ndani ya wiki moja hivi. Mashine maalumu zilikuwa zimeungua, kwa hiyo ilibidi waanze kwa kutengeneza jigi, yaani vishikio vya kuelekeza kifaa kinapochongwa. Wewe hifadhi nakala ya michoro na seti moja ya jigi nje ya jengo la msambazaji, na mkataba useme ni mali yako.