Dondoo kwa mnaopima polima (molekuli ndefu kama minyororo) kwa viskometa ya kapilari, yaani mrija mwembamba wa kupimia mnato, uzito wa kimiminika kutiririka
Usiamini mchanganyiko mmoja, zimua mara nne hivi, kila mara chukua sekunde za mchanganyiko kushuka kwenye kapilari, toa sekunde za kiyeyusho kitupu (kimiminika kisicho na polima), gawa kwa hizo hizo za kiyeyusho halafu gawa kwa ukolezi, chora grafu urudishe mstari mpaka ukolezi sifuri. Pale minyororo haisukumani tena so namba ya hapo kwenye sifuri inakupa ukubwa wa molekuli yenyewe ilivyojikunja. Kapilari ikae kwenye maji ya joto lile lile aisee, mnato wa maji unabadilika kama 2% kwa kila digrii na asubuhi ya Julai hapa Arusha sio mchana wake. Njia hii inagoma kwa polima zenye chaji kama alginati (ya mwani) kwenye maji matupu, mstari unapinda kwenda juu kadiri unavyozimua, hapo weka chumvi kwenye kiyeyusho kwanza.