Transvata ina kelele? Jua kwanza inaingilia wapi

Wakuu, hii nawaandikia maredio amateri wenye transiva (redio ya kurusha na kupokea) ya HF, yaani masafa ya chini ya 30 MHz, wanaotaka kupanda bendi ya mita 2, ile ya 144 MHz, kwa transvata, boksi linalohamisha masafa, halafu wakishaunganisha wanakutana na miluzi, mikwaruzo na sauti za watu ambao hawakuwatafuta. Mimi nipo Dom, Nkuhungu huku, nimesota na hili jambo muda mrefu na hela nyingi niliitupa kwenye vitu ambavyo wala havikuwa na shida, kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni usinunue kitu mpaka ujue kelele inaingilia mlango gani.

Mpango wenyewe uko hivi: transiva inabaki 28 MHz, ndani ya transvata kuna osileta (kitoa mawimbi) ya 116 MHz, ukijumlisha unapata 144. Kioo kikisoma 28.300 wewe uko 144.300, pale watu wa SSB, aina ya kurusha sauti, wanapoitana. Sasa ule waya kati ya maboksi mawili bado unabeba 28, na 28 hailali, mchana jua likiichangamsha anga watu wa mbali wanamiminika. Mimi nilimsikia Mtaliano anaita CQ (yaani anaita yeyote anayemsikia), namsikia wazi kabisa, nikaruka kwenye kiti nikijua nimemkamata Ulaya kwa mita 2 na yagi, antena ya kuelekeza, ya bomba za alumini. Nikampigia rafiki yangu simu kujisifu. Kumbe jamaa yuko zake mita 10, ndiyo hiyo hiyo 28, anaingia kupitia waya wangu, mpaka leo nataniwa.

Jaribio lake ni rahisi. Chomoa antena ya mita 2, weka dami lodi (mzigo bandia badala ya antena) ya ohm 50 kwenye tundu la antena la transvata, halafu sikiliza. Ukiendelea kumsikia mtu, huyo hakupita kwenye antena, amevujia njiani. Kisha chomoa waya upande wa transvata na uzibe ncha yake kwa dami lodi nyingine: bado anasikika? Basi kosa ni waya au transiva yenyewe. Na kabla hujahangaika angalia nyuma ya transiva kama antena ya HF bado imechomekwa tundu la pili, maana switchi ya ndani huvujisha, na nusu ya kesi nilizoona zinaishia hapo hapo.

Kama ni waya, ile koaksi ya bei chee unaijua ukiichuna, wavu wake ni mchache unaona plastiki ya ndani. Tupa. Tafuta yenye wavu mara mbili au wavu na foili, ikate fupi iwezekanavyo, na wavu uulehemu kuzunguka konekta yote, siyo unyuzi mmoja umeguswa na risasi kidogo ukasema tayari. Konekta ya BNC ikifungwa vizuri inatosha kabisa. Transvata nayo iwe kwenye boksi la chuma lenye mfuniko uliokazwa skrubu zote, siyo mbili za kona.

Feraiti, ile inayozuia kelele inayotembea juu ya waya, usiagize mbali kwanza. Nenda soko la Sabasaba hapa Dom kwa mafundi wa vitu chakavu, waya za monita za zamani zina kile kinundu, ndani yake ni feraiti. Ukipata pete kubwa pitisha waya mara tatu, maana nguvu ya kuzuia inakwenda kwa mraba wa mizunguko: miwili ni mara 4, mitatu ni mara 9. Ukinunua mpya, aina ya 31 au 43 zinafaa kwa kazi hii.

Kelele ambayo haina mtu ndani yake, ya mzzzz mfululizo, hiyo mara nyingi ni umeme. Lisha mitambo yote kwa betri ya gari ya N70 peke yake halafu zima meinswichi ya nyumba. Ikikata, washa kimoja kimoja. Kwangu ilikuwa kontrola ya sola, na taa mbili za LED za sebuleni zikisaidia. Jirani naye ana yake, hapo unaenda kwa adabu na soda mkononi.

Upande wa kurusha ndo penye hasara. Transvata nyingi zinataka miliwati chache tu na transiva ina wati 100, kwa hiyo shusha hadi wati 5 na weka atenyueta (kipunguza nguvu) ya dB 30, yaani inagawa nguvu kwa 1000, zinabaki miliwati 5. Ila atenyueta iwe ngumu kuliko unavyodhani, kuna transiva hata ukizishusha zinapiga nguvu zote kwa sehemu ndogo ya sekunde ukibonyeza maiki. Miksa yangu ya kwanza, sehemu ya transvata inayochanganya 28 na 116, ilikufa hivyo, sikuwahi hata kuongea neno. Soma kitabu cha transvata yako ujue inataka ngapi hasa.

Halafu kuna hili ambalo wengi hawalijui. Osileta ya 116 ukitoa 28 unapata 88 MHz, na 116 ukitoa 28.3 ni 87.7, hapo umekanyaga chini kabisa ya redio za FM. Transvata isiyo na filta nzuri ya kutokea itarusha huko pia, mama wa nyumba ya pili anasikiliza taarifa ya habari unamwingilia, na leseni yako ya TCRA haikuruhusu hilo. Kinyume chake nako, stesheni ya FM yenye nguvu ya huko huko inaweza kukuingilia wewe. Filta ya kupitisha 144 pekee kati ya transvata na antena inatibu pande zote mbili.

Ukirusha na sauti yako ikawa ya kukwaruza au kioo kikacheza, mawimbi yanarudi ndani. Sogeza antena mbali, feraiti kwenye waya wa maiki na wa pawa, na maboksi yote yaunganishwe kwa utepe mfupi mpana wa shaba mpaka sehemu moja. Ile fimbo ya athi nje ni ya radi na usalama, na udongo wa Dom kiangazi umekauka kama tofali, nilimwagia ndoo ngapi za maji na mkwaruzo ukabaki vile vile mpaka nilipofunga ule utepe.

Mwisho rilei, swichi inayogeuza antena kati ya kupokea na kurusha: iwahi kugeuka kabla nguvu haijafika, la sivyo amplifaya ya kupokelea inaungua na hapo utakuwa unasikia kimya kizuri sana, ukidhani umeshinda kelele.