Subaru WRX STI: kutoka rimu 17 kwenda 18
Stika ya mlango wa dereva ikisema 225/45R17 (upana milimita 225, ubavu asilimia 45 ya upana huo, rimu inchi 17), kipenyo cha tairi ni milimita 634. Ukipanda rimu 18, 225/40R18 (637) ndiyo inayokaa vizuri. Ile 245/40R18 inayopendwa kwa macho ni 653: spidomita ikionyesha 100 unakwenda 103, na kona kali inaweza kukwaruza madigadi.

Muhimu zaidi, tairi zote nne ziwe saizi na chapa moja, na kina cha kashata (meno ya tairi) kisipishane zaidi ya milimita 1 hivi. Zikipishana, difu ya kati (inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma) inafanya kazi hata barabara ikiwa imenyooka, inachemka, inakufa. Imepasuka moja na zilizobaki zimelika? Nunua nne, au tafuta mtumba uliolika vivyo hivyo. Soma wiki na mwaka wa kutengenezwa ubavuni kwanza.